Shahada Mpya Hukwama Maabarani

Ukishuka matatu ya Jogoo Road pale Muthurwa, si mbali kwa miguu hadi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kwenye barabara ya Haile Selassie. Wazee wa Kaloleni na Shauri Moyo wanakijua kama Poly, maana kilianza 1961 kikiitwa Kenya Polytechnic. Mwaka 2007 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Januari 2013 kikapata hati yake chenyewe. Kwa hiyo ni mfano mzuri kwa anayetaka kujua jinsi shahada ya teknolojia ya habari inavyopitishwa katika chuo cha umma: kimeomba ruhusa kwa zaidi ya mlango mmoja.

Kilipokuwa kishiriki, walimu wa Haile Selassie waliweza kuandika mtaala, lakini shahada ilikuwa ya Nairobi, na neno la mwisho lilikuwa la seneti ya chuo mama. Enzi hizo kila chuo kikuu cha umma kilikuwa na sheria yake, na seneti ikishapitisha, imepita. Tume ya Elimu ya Juu ya 1985 ilikuwa na meno zaidi kwa vyuo binafsi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaondoa ubaguzi huo: sasa kila programu hupelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iwe ya umma au ya binafsi. Marekebisho ya 2016 yakaongeza kwamba tume hiyo peke yake ndiyo yenye kuidhinisha. Mabaraza ya taaluma, la wahandisi likiwemo, hayakufurahia, na mvutano ukafika mahakamani. Watu wa kompyuta hawakuwa na baraza la kuwapigania. Mswada wa kuwaundia ulizunguka bungeni miaka mingi, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi 2022.

Njia yenyewe inajulikana. Idara huchunguza mahitaji ya soko, huita waajiri na wadau, huandika mtaala, kisha makaratasi hupanda kutoka bodi ya kitivo hadi seneti. Yakifika CUE, wataalamu wa fani hiyo kutoka nje ya chuo huyasoma, halafu watu huja kukagua walimu, maktaba na maabara.

Ni hapo kwenye maabara ambapo mtaala mzuri huumbuka. Kwa desturi ya vyuo vyetu, somo moja la kawaida lina saa 45 za mihadhara. Saa moja ya mhadhara huhesabiwa sawa na saa 2 za mafunzo ya vikundi, au saa 3 za vitendo. Chukua somo la mitandao lililopangiwa saa 30 za mhadhara; zile 15 zilizobaki zikifanywa kwa vitendo huwa saa 45 za kukaa mbele ya mashine. Sasa tuseme darasa lina wanafunzi 120 na maabara ina viti 40. Lazima wagawanywe makundi matatu, na chumba hicho kimoja kidaiwe saa 135 kwa muhula, kwa somo moja tu. Muhula una masomo sita au saba. Piga hesabu mwenyewe, na usisahau fundi wa maabara ambaye hana budi kuwapo saa zote hizo.

Kukosa viti hakuonekani kwenye mtaala. Kwenye karatasi saa 45 za vitendo zimeandikwa, zimepitishwa, zimepigwa muhuri. Darasani, mwalimu anaonyesha ukutani jinsi ruta inavyopangwa, na mwanafunzi anarudi Kayole kujaribu kwa simu.

Jambo la pili, baada ya maabara, ni jina la shahada. Vyama vya ACM na IEEE, ambavyo miongozo yao ya mitaala ya kompyuta hutumiwa duniani kote, vinatenganisha teknolojia ya habari na sayansi ya kompyuta, na mwongozo wao wa 2017 kuhusu teknolojia ya habari unapima mhitimu kwa anachoweza kufanya. Idara yenye walimu wa sayansi ya kompyuta huvutwa kuandika shahada ile ile ya zamani kwa jina jipya, kwa sababu ndicho wanachoweza kufundisha na, tuseme ukweli, nadharia haihitaji ruta. Msomaji makini wa mtaala angeuliza kwanza kuhusu usalama wa mifumo, usimamizi wa seva na huduma kwa watumiaji, kabla ya kusifu orodha ndefu ya hisabati.

Ninaona utaratibu wa 2012 ni bora kuliko ule wa seneti kujipitishia. Kasoro yake ni kwamba ukaguzi huona chuo siku ya ombi, ilhali idadi ya wanafunzi hupanda baadaye. Idadi ya wanafunzi wanaotoshea maabara ingepaswa kuandikwa kwenye idhini yenyewe, na chuo kisiruhusiwe kuipita.

Mzazi wa Umoja au Dandora mwenye mtoto aliyepata C+ au diploma, kabla hujalipa karo angalia kama programu imo kwenye orodha ya CUE ya programu zilizoidhinishwa. Kisha nenda chuoni siku ya masomo, uombe kuonyeshwa maabara na ratiba yake.