Sindano ya jicho: chupa moja igawanywe kwa macho mengi

Mgonjwa wa kisukari wa Segerea, Dar es Salaam, akianza kuona doa la ukungu katikati ya anachokitazama, majirani watamwambia ni mtoto wa jicho, asubiri ukomae. Ushauri huo unapofusha watu. Mara nyingi tatizo liko nyuma zaidi, kwenye makula, eneo la katikati ya retina lenye upana wa milimita tano hivi, tunalolitumia kusoma na kutambua sura. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya hapo huvuja na makula huvimba. Kwa kuwa bado anaona pembeni, anafika kituo cha daladala bila kushikwa mkono, na nyumbani hakuna anayeshtuka.

Dalili ya kuitafuta ni mistari inayopinda. Funika jicho moja, tazama nondo za dirisha, kisha badilisha. Ukungu wa lenzi, yaani mtoto wa jicho, hufifisha nondo. Zikionekana zimepinda, shuku makula. Kliniki nako mgonjwa husoma ubao kupitia kitundu kidogo: uoni ukiongezeka, huenda miwani inatosha, usipoongezeka, jicho lichunguzwe ndani. Hutiwa matone ya kupanua mboni, retina ikatazamwa, halafu hupigwa picha ya OCT. Kipimo hiki, kilichotangazwa mwaka 1991 na David Huang, James Fujimoto na wenzao, hutumia mwanga kuonyesha matabaka ya retina na kupima unene wake kwa maikroni. Vifuko vya maji huonekana wazi, na namba ya leo italinganishwa na ya mwezi ujao.

Zamani tiba ilikuwa leza. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1985 kwamba leza ilipunguza kwa nusu hatari ya uoni kushuka, lakini uliopotea ulirudi kwa nadra. Mabadiliko yalitoka kwenye saratani. Bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Huzuia VEGF, protini ileile inayofanya mishipa ya retina ivuje. Mwaka 2005 daktari wa macho Philip Rosenfeld wa Miami aliichoma ndani ya jicho, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho.

Unafuu wake uko kwenye kugawanya. Chupa ya mililita 4 ina miligramu 100. Jicho moja linahitaji miligramu 1.25, yaani mililita 0.05. Kihesabu ni dozi 80, ingawa kivitendo hupungua kwa sababu sehemu ya dawa hubaki kwenye mabomba ya sindano. Lakini haina kihifadhi, hivyo kimelea kikiingia wakati wa kugawanya, kitafika kwenye kila jicho. Florida mwaka 2011 wagonjwa 12 waliambukizwa bakteria machoni kutokana na sindano zilizoandaliwa na famasi moja. Ndiyo maana kazi hii ni ya mfamasia kwenye chumba safi, na wagonjwa wapangiwe siku moja ya kliniki ili chupa iishe siku hiyohiyo. Bei ya dozi inategemea sana ratiba hiyo.

Kuchoma kwenyewe ni sekunde chache: matone ya ganzi, povidoni-ayodini ya asilimia 5 ya kuua vimelea, kope zikazuiwa zisifumbe, sindano ikaingia milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea, ikipita nyuma ya lenzi. Hofu ya mgonjwa ni kubwa kuliko maumivu, na anastahili kuelezwa mapema.

Kisha arudi kila mwezi, kwa miezi kadhaa mwanzoni. Kutoka Segerea kupitia Tabata hadi hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT Msasani, pamoja na msindikizaji kwa sababu ya mboni zilizopanuliwa, ni siku nzima ya kazi kwa watu wawili. Anayeacha baada ya sindano ya pili kwa kuwa ameona nafuu, uvimbe humrudia. Mimi naona pa kuwekeza kwanza ni kugundua tatizo mapema, karibu na mgonjwa. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikipiga picha za retina kwenye kliniki za kisukari za Kilimanjaro. Dar es Salaam nayo iweke kamera pale mgonjwa anapochukulia vidonge vyake vya sukari, apigwe picha kila mwaka, hata kama anasema anaona vizuri.