Ethi ya Oktoba

Banda la gari lililo uani, mita 25 kutoka nyumba kubwa, mtaa wa Nkuhungu, Dodoma. Mwenye nyumba alitaka taa na soketi za kuchomelea na kujazia upepo. Njia ya mkato ilikuwa kuvuta waya kutoka soketi ya jikoni. Mafundi waliikataa, wakafunga DB (sanduku la kugawa umeme) ndogo bandani, inayolishwa na breka yake ya ampea 32 kutoka DB ya nyumba. Hapo walipatia. Tuangalie mengine.

Kebo: ya milimita 4 za mraba ingepoteza karibu volti 9 mzigo ukifika ampea 32. Ya 6 hupoteza volti 5.8, yaani asilimia 2.5 ya volti 230. Wakachukua ya 6, yenye deraya ya chuma, wakaifukia sentimita 60 na kutandaza utepe wa tahadhari juu yake. Jembe la msimu wa kilimo halijui kebo imepita wapi.

Nyutro: bandani, baa ya nyutro na baa ya ethi hazikugusana. Wapo mafundi wanaoziunganisha "kwa usalama". Wakifanya hivyo, umeme unaorudi hugawanyika na kupita pia kwenye waya wa ethi. Nyutro ikikatika njiani, bodi la mashine nzima kabisa linaweza kukupiga shoti.

Kosa lilikuwa kwenye rodi. Ethi ya nyumba hii inategemea rodi iliyopigwa ardhini, na mafundi waliongeza nyingine bandani, wakaiunganisha na ile ya nyumba. Ni vizuri, lakini waliamini kwamba laivu ikigusa bodi la mashine, rodi itaangusha breka. Hesabu inakataa. Ukinzani wa ethi ukiwa omu 100, volti 230 husukuma ampea 2.3 tu. Breka ya 32 ya aina B huhitaji ampea 160 ili ikate papo hapo, na hilo lingetaka ukinzani usiozidi omu 1.4. Kwa udongo wa Dodoma, ambao hukaa miezi mingi bila mvua, rodi mbili haziwezi kufika huko. Breka ingetulia, na bodi lingebaki na umeme likimsubiri mtu.

Dawa ni RCD ya miliampea 30. Hiyo haisubiri ampea 160. Hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea kidogo inakata. Ilifungwa baadaye, na kwa kuwa nyutro na ethi zilikuwa zimetenganishwa, haikusumbua. Zingekuwa zimeunganishwa ingeanguka kila mara, na fundi mvivu angeing'oa.

Chumvi na mkaa kwenye shimo la rodi, ili kupunguza ukinzani, husaidia kwa muda tu. Chumvi husombwa na maji na huila rodi. Afadhali rodi ndefu zaidi, au mbili zilizoachana angalau kwa urefu wa rodi moja.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na umdai vipimo kwa maandishi. Kitufe cha majaribio cha RCD kibonyeze kila miezi mitatu, ukijua kwamba kinapima RCD yenyewe, hakipimi rodi. Rodi hupimwa kwa mita ya ethi, tena Oktoba, udongo ukiwa umekauka. Kipimo cha Machi, mvua zikiwa zimenyesha, kitakudanganya.