Hema, Maskani na Dago

Kitenzi kimoja cha Kiyunani, eskēnōsen, kimevuliwa nguo yake katika Kiswahili. Kimo katika Injili ya Yohana, sura ya 1, aya ya 14, pale Neno linapotwaa mwili, nacho kimetokana na skēnē, yaani hema. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imekifasiri "akakaa". Habari Njema nayo ikafuata.

Kiambishi -ka- kimesimama mahali pake: tendo linafuata tendo. Lawama ni ya shina. Kukaa ni kuketi, ni kuishi, ni kudumu, hata ni kukawia. Kitenzi kinachobeba yote hayo hakina nafasi ya hema. La ajabu ni kwamba Biblia hiyo hiyo ya 1952, inapokutana na kitenzi hiki katika Ufunuo 7:15, inatumia "hema", na katika 21:3 inatumia "maskani". Uzi uliofuma Yohana na Ufunuo umekatwa, na msomaji wa Kiswahili hana pa kuuonea.

"Maskani" lilikuwa karibu mno. Shina lake la Kiarabu, s-k-n, ni ndugu wa shina la Kiebrania lililozaa mishkan, ile hema ya jangwani ambayo wafasiri wa kale waliiita skēnē. (Unguja neno hili limeingia siasa za vijiweni, lakini halikuharibika kwa hayo.)

Hata hivyo, pwani ya Mtwara, toka Ziwani na Msimbati hadi maingilio ya Ruvuma, ina msamiati wa wavuvi ulio hai zaidi: dago. Mvuvi aendaye dago huacha kwao akafuata samaki na msimu, akajenga kibanda cha makuti katika ufukwe wa wenyewe, akachota maji kisima kimoja nao. Ni mgeni, na ni jirani. Hema, kwa sikio la pwani, ni ya askari, watalii na wakimbizi.

Itasemwa kwamba mwenye dago hurudi kwao pepo zikigeuka. Naam, na Yesu wa Yohana, katika 16:28, asema waziwazi kwamba anauacha ulimwengu na kwenda kwa Baba. Pingamizi lenye uzito ni jingine: dago halijulikani Tabora wala Bukavu, na Biblia ya Muungano ilikusudiwa kuwakusanya wasomaji waliogawanyika baina ya tafsiri ya Unguja na ya Mombasa. Kwa Biblia ya wote, basi, "akafanya maskani" lingetosha. Dago wabaki nalo watunzi wa pwani, ambao hawalazimiki kueleweka Bukavu.