Kelele au Muziki? Maoni juu ya Santuri ya Duma

Watu wanaposikiliza santuri mpya, aghalabu husema neno moja tu: "nzuri" au "mbaya". Neno hilo halina kosa, lakini ni hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi. Afadhali yule asemaye, "Ngoma zake zilinifanya nishike kiti," maana huyo ametuambia jambo lililompata, nasi twaweza kwenda kusikiliza kama ndivyo lilivyo.

Nayasema haya kwa sababu ya santuri moja iliyozua ubishi mwingi kati ya wapenzi wa roki. Duma ni jina la bendi na pia jina la santuri yake ya kwanza, iliyotolewa Agosti 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bendi hiyo ilikuwa ya vijana wawili tu wa Nairobi: Martin Khanja, mwimbaji, na Sam Karugu, aliyeshika magitaa na mitambo. Walikuwa wamelelewa na roki nzito ya jiji hilo, katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 walikwenda Kampala wakarekodi nyimbo tisa. Msomaji wa Kiswahili atadhani jina lao ni la yule mnyama mwenye mbio. Wenyewe walilitoa katika Kikuyu, kwa maana ya giza. Mimi naona maana zote mbili zafaa. (Ajabu ni kwamba nyimbo zenyewe karibu zote zimepewa majina ya Kiingereza.)

Humo hamna mpiga ngoma. Mapigo yatoka mashineni, na mara nyingi yaenda kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haiiwezi. Juu yake Khanja haimbi kama tulivyozoea. Hupiga mayowe, hunguruma, hukoroma, hata sikio lisiweze kuyakamata maneno.

Nimepata kuwasikia vijana wanne wa mtaa wa Jamhuri, upande wa Ngong Road, wakibishana juu yake. Wa kwanza alisema huu si muziki, kwa kuwa hauchezeki wala hauimbiki. Wa pili, mpenzi wa roki wa siku nyingi, alilalamika kwamba bendi isiyo na mpiga ngoma ni chai bila majani. Wa tatu akasema magazeti ya Uingereza na Marekani yameisifu, basi imekwisha kuwa nzuri. Wa nne, msichana aliyekuwa kimya, alisema, "Mimi huisikiliza ndani ya matatu, tumekwama kwenye foleni. Ndiyo sauti pekee inayolingana na kelele za nje."

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli santuri hiyo ilisifiwa ng'ambo, lakini sifa ya mgeni haimwondolei mwenyeji kazi ya kusikiliza. Hoja ya kwanza yastahili jibu. Je, sauti isiyo na maneno haina maana? Arusini twapiga vigelegele, msibani twasikia kilio, na hakuna aulizaye tafsiri. Mtu hupaza sauti pale maneno yanapomwishia. Mayowe ya Khanja ni ya ukoo huo, na asikilizaye kwa makini atagundua kwamba hayafanani: kuna ya hasira, kuna ya hofu, na kuna mengine yanayokaribia kicheko.

Kuhusu mashine, namwelewa mlalamishi, ila nadhani amelalamikia pale penye jambo jipya. Bendi nyingi za roki hupiga mapigo yaliyokwisha zoeleka ulimwenguni. Hapa pigo huvunjika, hurukaruka, hujirudia kama kitu kilichoharibika, na msikilizaji hajui mguu autie wapi. Kama angekuwapo mpiga ngoma hodari, huenda angelinyoosha.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Santuri hii haijui kupumzika. Pilipili ikiwa ndiyo chakula chenyewe, ulimi husahau ukali wake. Vivyo hivyo, baada ya nyimbo nne au tano kishindo hupungua nguvu, si kwa sababu kimepungua, bali kwa sababu hakikupungua. Katika sehemu chache ambapo mbio hulegea na mtambo ukabaki unavuma peke yake, ndipo nilipoogopa kweli. Laiti wangeziongeza.

Na msichana yule? Kati ya wanne hao yeye ndiye niliyemwona mhakiki. Hakusema kama santuri ni nzuri. Alisema inafanya nini, wapi, na kwa nani.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept, akiwa na wageni wengi. Humo sauti yake imepata wa kujibizana nao, nayo husikilizika hadi mwisho bila kuchosha. Lakini mshtuko wa ile ya 2020 sikuupata tena.