Taa Nyeupe Zimeua Mti wa Rangi Zilizopoa

Mti ule uliharibiwa na swichi. Nausemea ule wa Krismasi wa kwenye ukumbi wa jengo la maduka, Dar es Salaam, ambao karibu kila mwenye simu ameshauona ukiwashwa. Hadi jioni, mipira ya pinki, pichi, minti na bluu ya mbingu ilikuwa imetulia kwenye matawi, kila rangi ikionekana. Swichi ikabonyezwa, watu wakapiga makofi, na pichi ikapotea palepale. Pinki ikageuka kijivu. Minti na bluu zikaungana, usijue ipi ni ipi.

Kosa ni kuchagua taa za mwanga mweupe mkali, zile ambazo boksi lake huandikwa 6500K, kwa mti wa rangi zilizopoa. Rangi iliyopoa ni rangi iliyochanganywa na nyeupe nyingi. Pinki ya mpira ule ina wekundu kidogo tu, na huo kidogo ndio unaoifanya iitwe pinki. Taa ya LED ya bei rahisi, kwa ndani, ni chanzo cha mwanga wa bluu kilichofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Wekundu katika mwanga huo ni haba. Mpira wa pinki haujitengenezei wekundu, unarudisha ule unaoangukiwa nao. Usipopewa, hauna cha kurudisha. Rangi nzito ingevumilia: mpira mwekundu wa damu ya mzee ungefifia kidogo ukabaki mwekundu. Pinki haina akiba hiyo.

Nimesikia utetezi kwamba jua la mchana nalo liko karibu na 6500K, na mchana mti ulipendeza. Namba inafanana, mwanga haufanani. Jua lina rangi zote kuanzia urujuani hadi nyekundu, ndiyo maana mchana hakuna kilichopotea. Aliyenunua taa alisoma namba ya boksi akaishia hapo. Na hata namba hiyo ilitosha kumwonya, kwa sababu jirani yake dukani huwa kuna taa za 2700K, mwanga wa njano, bei karibu ileile.

Ninavyoona, chanzo hasa ni mgawanyo wa kazi, na hili nimelilalamikia Krismasi nyingi. Mpambaji anachagua rangi, fundi umeme analeta taa, na wawili hao hawakutani mpaka siku ya kuwasha. Taa inahesabiwa kuwa umeme. Kumbe taa ni rangi ya kwanza ya mti. Nyingine zote zinapita humo.

Halafu theluji ya kupuliza. Nitaipinga hadi waiache. Matawi yamepakwa weupe, juu yake ikatundikwa mipira ambayo nusu yake tayari ni weupe, kisha vyote vikamulikwa kwa weupe. Rangi iliyopoa inahitaji kiza nyuma yake ili isimame. Wazee wa pwani waliokata tawi la mvinje wakalitundikia maputo na vipande vya pamba walilijua hilo bila kufundishwa: pamba kidogo, kijani kingi. Na haya yanafanyika Desemba, wakati mkrismasi umewaka maua mekundu barabarani, nje ya milango ya jengo lenyewe!

Si kila kitu kimeharibika: utepe umefungwa vizuri, na mipira mikubwa imeingizwa karibu na shina kama inavyotakiwa.

Wanaosema rangi hizi ni mtindo wa juzi wawatazame Shiny Brite, kampuni ya Max Eckardt, Marekani. Vita ya Pili ya Dunia ilipobana malighafi, mipira yao ya kioo ilikosa utando wa fedha ndani. Wakaiacha kioo kitupu, wakaizungushia mistari myembamba ya rangi zilizopoa, na kifuniko cha chuma kikawa cha karatasi ngumu. Kijani cha mti kikaonekana kupitia kioo, mistari ikakaa juu yake, na balbu za waya wa moto za enzi hizo zikaimwagia mwanga wenye wekundu tele. Sijaona mti wa rangi zilizopoa ulioishinda hesabu hiyo.

Hata mti wa alumini wa Evergleam, uliotoka Manitowoc, Wisconsin, mwaka 1959, na ambao siupendi, ulitengenezwa na watu walioiheshimu taa. Kutundika nyaya za umeme kwenye chuma kulikuwa hatari, wakaweka taa sakafuni yenye sahani ya rangi inayozunguka mbele yake. Mti wao haukuwa na rangi yoyote isipokuwa ile ya mwanga, nao wakaichagua kwa makusudi.

Mti wetu bado unaokoleka kabla ya 6 Januari. Mipira isiguswe. Zitolewe taa zote nyeupe, ziingie za 2700K, na nyaya zisukumwe ndani hadi kwenye shina ili mwanga utokee nyuma ya mipira badala ya kuchoma macho mbele yake. Taa za dari zinazolenga mti zizimwe. Theluji itabaki, kwa bahati mbaya, ila chini ya mwanga wa njano haitang'aa kiasi hicho. Fundi mmoja mwenye ngazi na msaidizi, mpambaji akiwa amesimama hapohapo kumwelekeza, wanaimaliza kazi hiyo usiku mmoja baada ya maduka kufungwa.