Funguo za Petro kwa Uzi wa Zari

Kitambaa kimetandazwa juu ya meza ndefu ya mbao. Ni chekundu, kizito kiasi, na kimefumwa misalaba midogo kwa uzi wa rangi ile ile, kwa hiyo huioni mpaka mwanga wa mlangoni uiguse kwa ubavu. Fundi mzee hajashika mkasi. Anapitisha kiganja juu ya kitambaa kutoka ncha hii hadi ncha ile, akitafuta fundo, uzi uliokatika, au mahali palipofifia kwa kukunjwa muda mrefu dukani. Akipata kasoro anaitia alama ya chaki, ili wakati wa kukata iangukie kwenye kipande kitakachotupwa. Vazi likishakamilika, hatua hii haionekani popote, na mteja hailipii. Mzee haiachi.

Ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, katika ile mitaa inayoitwa kwa namba za barabara. Alianza kwa kushona kanzu, na bado anazishona. Kilicho mezani leo kitakuwa kasula, vazi la juu analovaa padri akiadhimisha Misa, na kimeagizwa kwa ajili ya tarehe 29 Juni, sherehe ya Watakatifu Petro na Paulo, Mitume. Siku hiyo Wakatoliki humwombea kwa namna ya pekee Baba Mtakatifu, khalifa wa Mtume Petro. Historia ndefu ya mapapa, yenye amri, mabaraza na desturi za karne nyingi, inapita pia katika meza hii, na inapita kwa kipimo cha futi.

Kazi ya kwanza ilikuwa rangi. Mzee alitoka na sampuli mbili hadi barabarani akazitazama juani, akazirudisha ndani akazitazama kivulini. Moja ilielekea machungwa, nyingine damu ya mzee. Zote mbili alizikataa, akasubiri mzigo mwingine, mpaka akapata nyekundu iliyokaa katikati. Alikuwa na sababu, maana siku yenyewe inakumbuka damu: mapokeo ya Kanisa yanasema Petro na Paulo waliuawa Roma enzi za Kaisari Nero. Kupangia siku rangi zake kulikuja baadaye sana. Mwishoni mwa karne ya 12, Lotario wa Segni, ambaye mwaka 1198 alichaguliwa kuwa Papa Inosenti III, aliandika kitabu juu ya Misa akaeleza rangi kuu zilizotumika Roma: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Mwaka 1570 Papa Pius V alitoa Misale ya Kiroma, na utaratibu wa rangi ukawa kanuni kwa sehemu kubwa ya Kanisa la Magharibi. Nyekundu pia ni rangi ya maombolezo ya papa mwenyewe. Papa Fransisko alipofariki Aprili 2025 alilazwa akiwa amevikwa kasula nyekundu, na makadinali waliomzika walivaa rangi hiyo hiyo.

Baada ya rangi, vipimo. Padri amekuja mwenyewe, na mzee hampimi akiwa amesimama wima tu. "Inua mikono, Baba Paroko, kama wakati wa kusali." Padri anainua. Futi inatoka kwenye shingo hadi kifundo cha mkono, kisha kutoka shingoni hadi chini ya magoti, mbele na nyuma, kwa sababu mwili ukinyanyua mikono pindo la mbele hupanda. Kasula iliyopimwa mikono ikiwa chini itaonekana fupi mbele katika sala zote kuu za Misa. Mzee anaandika namba kwenye daftari, anapima tena, analinganisha.

Mafundi wa Roma wamekuwa na shida ya aina yake. Duka la Gammarelli, lililoanzishwa mwaka 1798, limewashonea mapapa kwa vizazi vingi. Desturi yake ilikuwa kuandaa kanzu nyeupe tatu kabla ya makadinali kufungiwa ndani kumchagua papa: ndogo, ya kati na kubwa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni mwili gani utakaoivaa. Mwaka 1958, mwaka ule ule ambao Papa Pius XII aliipandisha Tanga kuwa jimbo kamili, Pius alifariki na nafasi yake ikachukuliwa na Yohane XXIII, mtu mnene. Inasimuliwa kwamba kanzu ilimbana, ikabidi iachiwe mgongoni na kushikizwa kwa pini kabla hajatoka kuubariki umati. Mzee wa Ngamiani ana bahati ya kumjua mtu wake, na bahati hiyo anaitumia yote.

Sasa mkasi. Kasula ina badani mbili, ya mbele na ya nyuma, kama ilivyo kanzu, lakini haina mikono wala taharizi. Asili yake ni joho la kawaida la Warumi wa kale, lililofunika mwili mzima kwa kuteremka kutoka shingoni. Watu wa mjini walibadili mavazi. Makasisi wakabaki nalo madhabahuni. Umbo la joho lile bado liko: mabega yanashuka kwa mteremko mrefu, na chini pindo linazunguka kwa upinde mpana. Mzee anakunja kitambaa katikati, anahakikisha misalaba ya upande mmoja imekaa juu ya misalaba ya upande wa pili, anabana kwa pini, ndipo anaweka karatasi ya kukatia. Anachora kwa chaki nje ya karatasi, akiacha nafasi ya mshono, na shingoni anaacha nafasi zaidi. Shingo iliyokatwa ndogo huongezwa. Iliyokatwa kubwa haina dawa. Mkasi unakwenda kwa mapigo marefu, ubapa wa chini ukiteleza juu ya mbao bila kunyanyuka, na kitambaa hakisogei.

Mabega yanaunganishwa kwanza kwa mkono, kwa mishono mirefu ya kushikiza. Hapo misalaba inapimwa tena: ya mbele na ya nyuma lazima ikutane begani kwa kimo kimoja. Upande wa kushoto imepishana kwa upana wa punje ya mchele. Mzee anafumua, anavuta kidogo, anashikiza upya. Ndipo cherehani ya kukanyaga inaanza kuzungumza, polepole, mkono wa kulia ukiwa juu ya gurudumu tayari kulizuia. Kila mshono ukimalizika unafunguliwa na kupigwa pasi upande wa ndani, kukiwa na kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati ili nyekundu isipate mng'aro wa chuma.

Shingoni anatia kaba, kile kipande cha ndani kinachoipa shingo nguvu. Katika kanzu, kaba ndiyo mahali ambapo macho ya watu huanzia, na mkono uliozoea kuiweka kwenye kanzu hauhangaiki na kasula. Anakata vijichale vidogo kwenye mzunguko wa shingo kabla ya kugeuza, ili mshono ukae bila kuvuta, kisha anaupitia kwa mkono kwa sindano nyembamba. Nje huoni uzi hata mmoja.

Kazi kubwa kuliko zote ni funguo. Padri ameomba funguo mbili za Petro kifuani, moja ya dhahabu na moja ya fedha, kufuata alama ya mapapa. Chanzo chake ni maneno ya Yesu kwa Petro katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, juu ya funguo za ufalme wa mbinguni na uwezo wa kufunga na kufungua. Katika nembo ya mapapa funguo hupishana, vishikio viko chini na meno yako juu yakielekea mbinguni, na kamba inaziunganisha. Mzee amechora kwenye karatasi, kisha ametoboa mstari mzima kwa sindano, tundu baada ya tundu. Karatasi inalazwa juu ya kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, na kifuko cha unga wa chaki kinapigwapigwa juu yake. Akiinua karatasi, funguo zimebaki kwa nukta nyeupe. Anaziunganisha nukta kwa kalamu kabla upepo wa kusi haujazipeperusha.

Chini ya dhahabu inatangulia pamba. Anashona nyuzi nene za pamba juu ya mchoro, safu juu ya safu, nyingi katikati na chache pembeni, ili ufunguo uinuke kidogo. Ndipo anachukua uzi wa zari. Uzi huu haupitishwi ndani ya kitambaa. Ukivutwa kwenye tundu la sindano mara kwa mara, ngozi yake ya dhahabu hubanduka. Unalazwa juu, nyuzi mbili kwa pamoja, na kushikwa na mshono mdogo wa uzi mwembamba wa njano, hatua fupi, kisha mwingine. Kidole cha kati kimevaa kastabini na kinasukuma sindano. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kinauelekeza uzi wa zari. Kwenye pembe za meno ya ufunguo anaukunja kwa ncha ya koleo dogo ili kona iwe kali. Safu ya pili inalazwa kandokando ya ya kwanza, na mishono ya njano inawekwa katikati ya ile iliyotangulia, hata mwanga ukipita juu yake unatembea sawia. Asubuhi nzima inaweza kwisha kwa kimo cha kidole. Mzee haangalii saa. Mwanga wa mlangoni ukipungua, anafunika fremu kwa shuka na kugeukia kanzu za wateja wengine, kwa maana zari haishonwi kwa taa.

Roma nako tarehe hiyo hiyo ya 29 Juni ina kazi yake ya mkono. Masista Wabenediktini wa monasteri ya Mtakatifu Sesilia, Trastevere, hufuma palio, ukanda mwembamba wa sufu nyeupe wenye misalaba sita myeusi, ambao maaskofu wakuu huvaa mabegani juu ya kasula. Sufu hiyo huhusishwa na wanakondoo wanaobarikiwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Anyesi, 21 Januari, na palio hutunzwa karibu na kaburi la Petro kabla ya kubarikiwa tarehe 29 Juni. Palio hukumbusha mchungaji aliyembeba kondoo begani. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliagiza maaskofu wakuu wavikwe palio majimboni mwao, mbele ya waamini wao. Mwaka 2025 Papa Leo XIV alirudia desturi ya kuwavika mwenyewe Roma. Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, ambaye Jimbo la Tanga liko katika kanda yake, ni mmoja wa wanaoivaa. Utaratibu wa kuvika umebadilika mara kadhaa. Ufumaji umeendelea.

Funguo zikishakamilika, mtu angedhani kasula imekwisha. Mzee anaitundika kwenye mti wa nguo na kuiacha usiku kucha bila pindo. Sababu iko katika ukataji: upinde wa chini unapita kwa mshazari juu ya mtande na mshindio, na kitambaa kilichokatwa mshazari huteremka kwa uzito wake. Ukikunja pindo siku ile ile, baada ya wiki mbili kasula itakuwa na mawimbi pembeni. Asubuhi anapima kutoka sakafuni kwa rula ya mbao, anazunguka vazi lote, anapunguza pale palipoteremka. Ndipo anakunja sijafu na kuipitia kwa mkono.

Bitana haikujaza vazi lote. Hewa ya Tanga ni nzito na Misa ya sherehe ni ndefu, kwa hiyo ameiweka mabegani na nyuma ya tarizi tu, ili funguo zisikwaruze alba, kanzu nyeupe inayovaliwa chini ya kasula. Sehemu hiyo amempa kijana anayejifunza kwake. Kijana ameshona vizuri, isipokuwa mahali pamoja uzi umekazwa mno na kitambaa kimejikunja kidogo. "Fumua kuanzia hapa, mwanangu," mzee anasema, akimwonyesha kwa ncha ya sindano. Kijana anafumua. Mzee hamwondolei kazi mkononi. Anakaa kando yake mpaka mshono unyooke.

Mwongozo wa Misale ya Kiroma, uliotoka wakati wa Papa Paulo VI, unafundisha kwamba uzuri wa vazi la ibada utafutwe katika kitambaa na umbo lake kuliko katika wingi wa mapambo, na unaruhusu vitambaa vya asili vya kila nchi. Mzee ameutekeleza kwa mikono yake. Hakuweka utepe wa dhahabu pembeni, ingawa padri aliuleta. Alimweleza kwa heshima kwamba utepe ungevuta pindo na kuzifunika funguo, na padri akakubali.

Kasula za dukani zipo, na nyingine ni nzuri. Hata hivyo ningependa parokia za pwani hii, kuanzia Chumbageni kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni wa Padua hadi vigango vya Pangani na Muheza, ziwapelekee vipimo vyao mafundi kama huyu wakati bado macho yao yanaliona tundu la sindano. Amri ya papa juu ya rangi husomwa kwa siku moja. Kiasi cha kukaza uzi hujifunzwa kwa miaka, begani kwa mtu anayekijua, na hujifunzwa kukiwa na kazi mezani. Kijana wa Ngamiani ataanza kushona badani akishayaweza mabega, na zari atapewa akishaziweza pembe. Anahitaji kasula ya pili ya kushona.