Nafasi moja ya diski mu mashini ya bei kali

Bandugu, ASUS ROG Zephyrus G14 ya 2024 ni ordinatere nzuri ya michezo: nyepesi, na nguvu iko. Lakini RAM imechomelewa ku kadi, na nafasi ya diski ya M.2 ni moja tu. Ikijaa, hauwezi kuongeza ya pili. Unatosha ya zamani, na TFC yako yote iko ndani. Hapo njo naikosoa. Muuzaji atasifu mwendo wa diski ya Gen4, MB 7000 kwa sekunde. Mu michezo mingi tofauti na Gen3 ni ndogo sana. Mbele ya kulipa, uliza nafasi ni ngapi. Mbele ya kufungula vise, nakili kazi yako kwanza, na ufunguo wa BitLocker uandike ku karatasi.